Boila ya Fundi Vendel

Jumapili, 31 Agosti

Mke wangu Aranka kanipa daftari hili leo asubuhi. Anasema tangu nistaafu naongea peke yangu bandani, na majirani wameanza kumwonea huruma yeye badala yangu. "Andika," kasema, "karatasi haichoki kusikiliza. Mimi nimechoka."

Haya, naandika. Naitwa Menyhért Bozsó, ila mji mzima unaniita Menyus. Umri hamsini na tisa. Miaka thelathini na sita nimetengeneza boila za treni, na sasa ni mkaguzi wa boila wa chama cha treni ndogo, kazi isiyo na mshahara wala shukrani. Nina muhuri mmoja. Injini isiyo na muhuri wangu kwenye kitabu chake haiwashwi moto pale bustani ya mji, reli yetu ilipo, na huo ndio ukubwa wangu wote duniani.

Leo 424, injini ndogo ya mvuke ya Fundi Vendel, imevuta watoto tangu saa nne hadi saa kumi na moja. Joto kali, mto Tisza umekauka hadi mchanga wa katikati unaonekana. Watu walisimama kando ya reli wakiitazama kama wanaona bibi harusi. Nami naitazama hivyo hivyo kila mara, siwezi kujizuia. Ni 424 ile ile iliyovuta nusu ya nchi hii, ila kila kipimo chake kimegawanywa kwa nane. Mita mbili na nusu, kutoka pua hadi mwisho wa kigari cha makaa. Fundi ameijenga kwa miaka kumi na tisa, na hakuna ribiti iliyosahaulika. Mwaka fulani kwenye maonyesho jaji mmoja alimwambia mlango wa tanuru umezidi nusu milimita.  Fundi alirudi nyumbani, akaukata, akaanza upya.

Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na sikio langu la kushoto bado linaukumbuka mkono wake. Ana miaka themanini na mmoja sasa. Huendesha akiwa ameketi juu ya kigari cha makaa, tanuru liko katikati ya magoti yake, na nyuma yake, kiti cha kwanza cha behewa la kwanza, hukaa Borka, kitukuu wake wa miaka sita. Kiti hicho hakikaliwi na mtoto mwingine. Mwaka huu mmoja alijaribu, Borka akamng'ata.

Jumapili, 7 Septemba

Joto. Tumeendesha. Aranka kapika matonge ya viazi yenye plamu ndani, nimekula kumi na mawili na sijutii.

Jumapili, 14 Septemba

Leo nitaandika sana, maana sina mwingine wa kumwambia.

Jioni, baada ya watoto kuondoka, nilimsaidia Fundi kufuta mashine. Yeye alifuta magurudumu, mimi nikapiga magoti upande wa kushoto wa tanuru. Kile kifuniko cha bati cha chini kilikuwa kimelegea, nikakivuta. Chini ya boliti moja, kati ya zile zinazoushika ukuta wa ndani wa tanuru na ukuta wa nje, palikuwa na mchirizi mweupe. Chokaa. Urefu wa vidole viwili.

Mtu wa boila hahitaji kuelezwa. Maji yanapita pale kidogo kidogo, joto linayakausha, chokaa inabaki. Nikatoa kinyundo changu mfukoni nikagonga ukuta pole pole. Bamba zima hulia kama kengele. Ting, ting, ting, likalia. Kisha tup. Nikasogea. Tup. Sehemu nne nilizogonga zilinijibu kama boga.

"Unatafuta panya humo?" Fundi akauliza.

"Fundi, bamba hili uliliweka unene gani?"

"Unene wake."

"Yaani?"

"Menyus, umezeeka kichwa kabla yangu? Ile kubwa ni milimita kumi na sita. Kumi na sita kwa nane?"

"Mbili."

"Haya, umefaulu darasa la tatu." Akacheka. "Ulitaka niweke tano kama wale wengine? Watu waseme Vendel Csapó amejenga sufuria? Hii ni 424, ndani na nje."

Nilicheka naye. Nilicheka, Mungu wangu! Wakati kinyundo kimeshaniambia.

Maana kipimo unaweza kukigawanya kwa nane, kutu huwezi. Kutu inakula milimita ile ile moja kwenye injini kubwa na kwenye ndogo. Kwenye kumi na sita huihisi. Kwenye mbili imekula nusu ya ukuta. Na boila ndicho kitu cha kwanza alichojenga, ikakaa miaka kumi na saba kwenye stoo yake ya chini ya nyumba akitengeneza mengine, stoo yenye unyevu ambamo hata viazi huota ndevu kabla ya Krismasi.

Tunaendesha kwa presha ya bar sita. Maji ya presha hiyo yana joto la kupita mia na sitini, na ukuta tu ndio unaoyazuia yasiwe mvuke. Ukuta ukiachia, yote huwa mvuke kwa mara moja. Yataanzia kwenye magoti ya Fundi. Kisha uso wa Borka.

Na sasa lililo baya zaidi. Sheria ya chama inasema kila baada ya miaka miwili boila ijazwe maji baridi na kusukumwa kwa pampu hadi kumi na mbili, mbele ya mkaguzi. Mwezi wa nne nilikwenda kwa Fundi na pampu yangu. Alikuwa ameandaa meza: soseji, vitunguu, pálinka, ile pombe kali ya plamu, ya mwaka juzi. "Nimeipima jana mwenyewe," alisema, "imekaa kwenye kumi na mbili nusu saa bila kutoa jasho. Piga muhuri, tule." Nami nikapiga muhuri. Pampu haikutoka garini. Mtu aliyekufundisha kupima, utamwambiaje apime tena?

Kesho nitamwambia.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikumwambia. Alikuwa na wageni.

Alhamisi, 18 Septemba

Nilifika hadi langoni kwake. Alikuwa juu ya ngazi anachuma plamu, akanipa ndoo nzima. Mtu amekubebesha ndoo, utaanzia wapi? Nikarudi. Aranka anapika jemu, nyumba nzima inanata.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua kubwa, hakuna treni. Mimi, niliyekuwa nikiilaani mvua ya Jumapili maisha yangu yote, nimesimama dirishani nikiishukuru.

Jumapili, 28 Septemba

Jua. Tumeendesha.

Nilitembea kando ya mashine siku nzima kama mbwa wa mchungaji. Kornél, mwenyekiti wetu, akanitania: "Menyus, unailinda isiibiwe?" Kornél alikuwa mkata tiketi kituoni, anaijua boila kama mimi ninavyojua kuoka keki. Nikamwambia daktari kaniagiza nitembee.

Kwa Fundi nilijaribu njia ya kichochoro. "Fundi, leo endesha kwa nne tu. Nadhani geji yako ya presha inadanganya."

"Geji yangu?" Akanitazama kama nimemtukania mama. "Geji hiyo niliipima kwa ile ya karakana. Nikiendesha kwa nne itavuta nini, vifaranga?"

Akaendesha kwa sita. Vali ya usalama ikafunguka, mvuke ukatoka juu, watoto wakapiga kelele za furaha. Kila ilipofunguka, mimi nilifumba macho.

Jioni niligonga tena: tup. Mchirizi: vidole vitatu.

Jumatano, 1 Oktoba

Naanza kumkasirikia. Sijawahi kumkasirikia Fundi, hata aliponivua cheo cha mkuu wa zamu mbele ya watu mwaka ule, kwa sababu niliacha spana ndani ya boila. Nilistahili. Sasa namwona akipita na baiskeli yake, mgongo wima, kofia imekaa sawa, nasema moyoni: wewe mzee na kiburi chako. Kisha nakumbuka muhuri ni wa nani.

Jumapili, 5 Oktoba

Asubuhi ya ukungu, baadaye jua dogo. Tumeendesha.

Leo nimeona jambo ambalo sijui nililikosaje. Treni ilikuwa inapanda kile kimlima cha karibu na bwawa. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. Fundi, bila kugeuka, akasema, "Borka, mshale?"

Borka akasimama, akaegemea bega la babu yake, uso wake ukapita sikio la mzee ukaenda hadi karibu na tanuru. "Katikati ya tano na sita, Babu."

"Vizuri. Kaa."

Haoni. Mzee haoni geji. Mtoto wa darasa la kwanza ndiye anayemsomea presha, na kila akisoma huinama palepale ambapo mimi nisingeweka hata mkono wangu wenye glavu.

"Anajua namba zote," Fundi aliniambia baadaye, anajidai. "Atakuwa fundi kuliko wewe."

"Hiyo si kazi ngumu," nikajibu. Akanipiga begani. Mikono yake inatetemeka pia. Tangu lini? Nimemtazama miaka yote hii na nimemwona kijana wa karakana mwenye mabega ya kubeba reli, na kumbe ni kizee kinachosaidiwa na mtoto kuona.

Mchirizi: vidole vitatu na nusu.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumeendesha. Vidole vinne. Na boliti ya pili imeanza.

Kornél ametangaza: Jumapili ya tarehe tisa Novemba tunafunga msimu kwa sherehe ya Mtakatifu Márton. Supu ya bata bukini, divai mpya, mwandishi wa gazeti. Na 424 itavuta mabehewa yote sita kwa mpigo, jambo ambalo halijawahi kufanyika. Mabehewa sita, yaani presha juu kabisa na vali wazi kutwa.

"Boila zetu ziko sawa, Menyus?" akaniuliza mbele ya wote.

"Zote zina muhuri," nikasema.

Ni kweli, zina. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jumatatu ijayo ni siku ya Mtakatifu Vendel, sikukuu ya jina la Fundi. Nitamwambia siku hiyo hiyo, wageni wakiondoka. Si haki kumharibia mtu siku yake kabla haijafika. Aranka anauliza kwa nini sili.

Jumapili, 19 Oktoba

Baridi ya kwanza, nyasi nyeupe. Tumeendesha. Vidole vinne. Borka alikuwa na kofia nyekundu mpya, kila akiinama kusoma geji naiona hata nikiwa mbali.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mezani kwake tulikuwa wanane. Mjukuu wake wa kike, mama yake Borka, alileta vikate vya mafuta ya nguruwe, Aranka akaleta mlo wa kabichi iliyoviringishwa nyama. Fundi alivaa tai. Tulimwimbia, akajifanya hapendi.

Kisha akasimama na glasi. Mzee hana desturi ya hotuba, karakana nzima tulimsikia akitukana tu.

"Nimefundisha watu arobaini na kitu," alisema. "Wengi walikuwa ng'ombe."

"Asante!" Kornél akadakia.

"Wewe hata ng'ombe hukufika, wewe ulikata tiketi. Kaa kimya." Watu wakacheka. "Wengi walikuwa ng'ombe, lakini mmoja alisikia. Mtu huyu nikikuta saini yake mahali, sitazami mara ya pili. Menyus, kwa afya yako."

Wote wakanitazama. Aranka akanishika mkono chini ya meza. Nikainua glasi, nikanywa.

Wageni waliondoka, nikabaki. Nilibaki kweli! Tulikuwa wawili jikoni, yeye anaosha glasi, mimi nafuta. Nikasema, "Fundi."

"Sema."

"Kuhusu 424..."

Akageuka, maji yanadondoka kwenye viwiko. "Unajua nini, Menyus? Nilipoanza kuijenga, Gizella alikuwa hai. Aliniambia, wewe unajenga kitu cha kukuzika. Kumbe ndicho kilichonifanya niishi. Ulikuwa unasemaje?"

"Kwamba imependeza," nikasema.

Mimi ni mbwa.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, giza linaingia mapema. Upepo wa kutoka kaskazini. Kunguru wamejaa miti ya bustani, sijapata kuwaona wengi hivi.

Tumeendesha. Kwenye kimlima, presha ikiwa sita, nilisikia sauti nyembamba upande wa kushoto. Ssss. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Inapiga mluzi," Fundi akasema. "Ina furaha."

Nikamwambia mama yake Borka mtoto anaonekana ana homa, ampeleke nyumbani. Akamgusa paji la uso. "Mbona mzima?" Borka akanikodolea macho, akanitolea ulimi. Akabaki kwenye kiti chake hadi mwisho.

Sikupima mchirizi. Niliogopa kuinama.

Jumamosi, 1 Novemba

Makaburini. Mishumaa, maua ya krisanthemu, ukungu mpaka huoni mwisho wa njia. Fundi alikuwa kwenye kaburi la Gizella na Borka. Walitupungia mkono, nami nikageuza uso kama mtu mwenye deni.

Aranka aliona. Tulipofika kwenye kaburi la wazazi wangu akaweka kopo la maji chini. "Sasa utasema," alisema. "Hapa hapa. Una mwanamke mwingine, au unaumwa?"

Nikamwambia yote. Boliti, kutu, muhuri, geji, kofia nyekundu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, na Aranka si mtu wa kutokata.

"Menyus," akasema, "unamchelea mzee."

"Ni kitu pekee alichonacho, Aranka. Nikimwambia nitamuua."

"Na usipomwambia?"

Nikainama nikapanga krisanthemu upya.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe unamchelea mtu wa miaka themanini! Huogopi kumuua, unaogopa akuone. Kesho wanaendesha?"

"Kesho hapana, ni siku ya marehemu. Sherehe ndiyo Jumapili ijayo."

"Basi una mpaka Jumamosi. Jumamosi jioni nitavaa koti niende mwenyewe, na nitamwambia Kornél pia, na mama yake mtoto. Shika kopo, mimina maji."

Jumanne, 4 Novemba

Ukungu. Nilipita kwa Fundi, alikuwa anapaka mafuta magurudumu kwa ajili ya sherehe. Nikasema napita tu.

Alhamisi, 6 Novemba

Ukungu. Aranka haongei nami. Anaweka chakula mezani na kutazama kalenda ukutani.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeipakia pampu garini.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilifika saa tatu asubuhi. 424 ilikuwa uani juu ya benchi lake la reli, imeng'arishwa mpaka unajiona. Fundi alikuwa na kitambaa mkononi.

"Umekuja kusaidia au kutazama?"

"Fundi, saini yangu ya mwezi wa nne ni ya uongo. Sikupima. Nimekuja kupima leo."

Nilidhani atapaza sauti. Akakunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya kigari cha makaa. "Mimi nilikuambia nimepima."

"Ndiyo."

"Na ukaniamini."

"Ndiyo."

"Sikupima," akasema. "Nilikuwa na uvivu wa kuibeba, mgongo uliniuma. Nikasema Menyus atakuja na pampu, atanikamata, nitamwambia nilikuwa namjaribu. Hukunikamata." Akakohoa. "Wazee wawili wapumbavu. Haya, leta hiyo pampu. Itakaa kwenye kumi na mbili, utaona, kisha utanisaidia kuipakia kwenye trela."

Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anaiamini.

Tuliijaza maji baridi mpaka juu, tukatoa hewa yote, tukaziba vali. Maji baridi hayana hatari, ukuta ukiachia hulowesha tu. Borka alikuwa jikoni na mama yake anabangua walnati, aliposikia chuma akatoka mbio, mkono umejaa.

"Babu, nisome?"

"Soma."

Nilianza kusukuma. Sauti ya Borka ilikuwa ya kiimla kama ya mwalimu. "Mbili. Tatu. Nne." Fundi alisimama na mikono nyuma. "Tano." Maji yalianza kutokeza chini ya bati la kushoto, matone. Fundi hakuyaona. Mimi niliyaona. "Sita!"

"Hapo ndipo tunapoendeshea," Fundi akasema. "Ngoja kidogo."

Nikangoja. Mshale ukashuka kidogo wenyewe, nikaurudisha.

"Endelea," akasema.

Nikasukuma mara moja. Mara ya pili.

"Saba," akasema Borka, na palepale ikalia. Boliti moja, kisha tatu kwa pamoja, kisha mlio kama kofi. Bati la kushoto likaruka, ukuta wa tanuru ukafunguka urefu wa kiganja changu, na maji yote yakamwagika kwenye viatu na suruali ya Fundi.

Borka alicheka mpaka akaangusha walnati. "Babu amejikojolea! Babu amejikojolea!"

"Nenda ndani," Fundi akamwambia, taratibu. "Mwambie mama akupe kitambaa."

"Kwani imeharibika?"

"Nenda, mwanangu."

Alipoingia ndani, mzee alishuka chini kwa magoti ndani ya maji. Nilitaka kumshika, akanisukuma. Akaingiza kidole kwenye mpasuko, akakipitisha kwenye ukingo wa bamba, pole pole, mbele na nyuma. Macho hayaoni lakini kidole kile kinapima kuliko chombo chochote. Ukingo ulikuwa mwembamba kama bati la mkebe.

"Saba," akasema. "Moja zaidi ya sita."

"Ndiyo, Fundi."

"Kesho mabehewa sita."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba tutajenga boila nyingine, mimi nitachomelea, milimita tano, hakuna atakayeona kwa nje, mwakani wakati wa masika itakuwa relini tena. Niliyasema yote. Nilisema haraka haraka, nimepiga magoti naye ndani ya yale maji ya baridi. Miaka kumi na tisa ya maisha yake ilikuwa imepasuka mbele yetu, na nilidhani analia kwa ajili yake.

Hakuwa analia. Alikuwa anaugusa ukuta wa nje wa tanuru, pale bati lililoruka lilipokuwa limeufunika, palipokuwa na chokaa. Michirizi minne, mirefu. Na katikati yake, sehemu nne, alama ndogo za duara, ambapo kinyundo changu kilikuwa kimeondoa chokaa nilipogonga nikagonga tena wiki baada ya wiki, nilipokuwa bado napata ujasiri wa kuinama.

Akazipapasa moja moja. Kisha akanigeuzia uso.

"Ulijua."

Nikakishika kinyundo mfukoni.

"Hukuja leo kupima. Ulikuja kunionyesha. Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu wiki iliyopita. Neno lilikuwa mdomoni. Angeniamini, maana ndiye mimi, saini yangu haitazami mara ya pili.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa tisa," nikasema.

 Maji yalikuwa yanatiririka kuelekea kwenye mtaro. Kutoka jikoni tulimsikia Borka akimsimulia mama yake, na mama akicheka.

Mzee akafungua kiganja, akaanza kukunja vidole. "Tarehe ishirini na moja ilinyesha," akasema. "Ishirini na nane tuliendesha. Tano. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Ishirini na sita." Vidole vilikwisha, mkono ukabaki ngumi. "Zote tano alikaa nyuma yangu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unatembea kando."

"Nilitaka kukuambia, Fundi, Mungu anajua, kila siku nilitaka..."

Nilingoja lile kofi la sikio. Ningelipokea kwa furaha. Hakuinua mkono. Alishika ukingo wa benchi, akajinyanyua peke yake, suruali imeloa hadi mapajani, akasimama wima kama alivyosimama karakanani.

"Usiniite fundi," akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.